Kukaa bure kwa ndugu baada ya talaka: pataneni kabla hamjagombana

Swali ni lilelile, sura tu ndizo zinazobadilika. "Nimeachika, kaka kanipa vyumba viwili vya uani, sasa wifi anataka nitoke. Nina haki gani?" Wiki inayofuata anakuja kaka: "Dada nilimpa hifadhi ya miezi sita, huu mwaka wa tisa, anasema uani ni kwake." Kisha mama mzee, na huyu ndiye hunisikitisha zaidi: kijana wake kaachana na mke, karudi nyumbani na begi moja, leo ndiye anayekusanya kodi za wapangaji na mama anaomba hela ya dawa.

Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja hadi nimechoka, sasa naandika mara moja. Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na Mahakama ya Kadhi, hivyo msomaji wa huko achukue sehemu ya makubaliano, mambo ya mabaraza aulize kwao. Mimi si wakili. Nawasaidia watu mtaani kuandika karatasi hizi, na nimeona zipi zinasimama na zipi zinachanwa mbele ya mjumbe wa mtaa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la kawaida na kalamu ya wino. Si penseli, si ujumbe wa simu peke yake.
- Nakala ya amri ya talaka ya mahakama kama ipo. Kama hujafika mahakamani, karatasi ya baraza la usuluhishi la ndoa au talaka ya maandishi uliyopewa.
- Nakala ya hati, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano wa nyumba utakayokaa. Huhitaji kuibeba, unahitaji kujua imeandikwa jina la nani.
- Vitambulisho vya pande zote mbili.
- Mashahidi wawili au zaidi: mmoja wa ukoo, mmoja ambaye hana undugu na yeyote.
- Picha za vyumba kabla hujaingiza hata godoro. Piga sakafu, dari, milango, choo.

Hatua ya 1: Jua hiyo nyumba ni ya nani

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo usikimbie.

*Nyumba mliyochuma wewe na mwenzako.* Kama bado umo ndani yake, hukai bure kwa hisani ya mtu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali mliyopata kwa juhudi za pamoja. Na juhudi si mshahara tu. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango. (Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, mahakama iliona alishapewa fungu lake akalitumia vibaya. Lakini mlango aliowafungulia wenzake upo wazi hadi leo.) Usiondoke humo ukaenda kubanana kwa kaka kwa sababu tu mawifi wamekuja na maneno. Na ndoa ikiwa haijavunjwa, kifungu cha 59 kinamzuia mwenzako kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yako.

Kwa Waislamu kuna jambo watu wanalisahau. Mwanamke aliyepewa talaka rejea (ile ambayo mume bado anaweza kumrudia) anakaa eda katika nyumba ya mume, na makazi na matumizi ni juu ya mume hadi eda iishe. Kumfungashia mtu mabegi usiku uleule ni desturi mbaya iliyozoeleka, dini haijaiagiza. Na talaka ya karatasi peke yake haigawi nyumba: unapita baraza la usuluhishi, kisha mahakama.

*Nyumba ya wakwe.* Mliishi kwa baba mkwe, mmeachana, umebaki na watoto. Kiwanja ni cha mzee. Ulichochangia kujenga unaweza kukidai katika kesi ya mgawanyo ukiwa na ushahidi, ila kuendelea kukaa hapo kunategemea ruhusa yake. Andikishianeni na mzee mwenyewe. Ahadi ya mtalaka wako kuhusu nyumba ya baba yake haina uzito.

*Nyumba ya mzazi au ndugu aliye hai.* Hii ndiyo hali ya kawaida, na hatua zinazofuata zimeandikwa kwa ajili yake.

*Nyumba ya marehemu ambayo mirathi haijafunguliwa.* Hapo hakuna mtu mmoja wa kukupa ruhusa, hata kama kaka mkubwa ndiye mwenye funguo. Fungueni mirathi kwanza mahakamani, apatikane msimamizi. Kama wewe ni mrithi, sema waziwazi unakaa kama mrithi mmojawapo, na fungu lako litahesabiwa siku ya kugawana.

Hatua ya 2: Kaeni kikao ndani ya wiki mbili za kwanza

Wiki ya kwanza kila mtu ana huruma. Mama analia, kaka anasema "hapa ni kwenu, kaa unavyotaka", wifi ananyamaza. Kunyamaza kwa wifi ndiko kunakotakiwa kusikilizwa. Mwenye nyumba akiwa na mke au mume, huyo naye akae kwenye kikao na aseme kwa mdomo wake. Ruhusa iliyotolewa sebuleni bila yeye inavunjwa jikoni.

Kikao kiwe kidogo: mwenye nyumba na mwenzi wake, anayehifadhiwa, mzazi au baba mdogo mmoja, na shahidi. Msiite ukoo mzima. Kwenye watu kumi na tano kila mtu anaahidi na hakuna anayetimiza.

Hatua ya 3: Andikeni neno "ruhusa"

Neno hili moja limeokoa nyumba nyingi. Ukisema "nimempa dada vyumba vya uani", baada ya miaka kumi hakuna atakayejua ulimpa akae au ulimpa viwe vyake. Andika: "nimempa ruhusa ya kuishi". Ongeza sentensi ya pili: "ruhusa hii si zawadi, si mauzo, wala si mgawo wa urithi."

Na kama mzee kweli anataka kumpa binti yake vyumba hivyo moja kwa moja, hiyo ni karatasi nyingine kabisa, na aiandike angali mzima. "Baba aliniambia" ni ushahidi mwepesi sana siku ambayo baba hayupo.

Hatua ya 4: Wekeni tarehe ya mwisho

"Mpaka mambo yakae sawa" si tarehe. Andikeni siku, mwezi na mwaka. Ushauri wangu: ishieni mwishoni mwa Desemba, maana mwaka wa shule unaisha na kuhamisha watoto shule si taabu kubwa. Mwaka mmoja na nusu unawatosha watu wengi kusimama. Wakitaka kuongeza, waongeze kwa maandishi, wasiache muda ujiongeze wenyewe.

Hatua ya 5: Gawaneni gharama

Kodi hakuna, lakini umeme unawaka. Kama mita ni moja, andikeni kiasi: fulani atachangia shilingi 15,000 za LUKU (umeme wa kulipia kabla) kila tarehe 5. Mkiweza, fungeni mita ndogo ya uani. Inamaliza ugomvi wa pasi na friji kwa siku moja.

Kuna mtego humo ndani ya LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia umeme, na kuanzia 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Maana yake anayenunua umeme ndiye anayelipa kodi ya mwenye nyumba. Nimeshamsikia mtu akitoa risiti za LUKU kama uthibitisho kwamba nyumba ni yake. Hazithibitishi hivyo, lakini zinaongeza miezi kwenye ugomvi. Andikeni tu kwamba kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, na mchangiaji amechangia kwa niaba yake.

Maji, uzoaji taka, kuvuta choo kikijaa: mstari mmoja mmoja unatosha. Gesi kila mtu awe na mtungi wake. Nasisitiza. Mtungi wa pamoja umevunja undugu kuliko talaka yenyewe.

Hatua ya 6: Usijenge, usitengeneze, usibandike kitu bila maandishi

Nitakaa hapa kidogo.

Kuna dada mmoja wa Mbagala aliyepewa na kaka yake vyumba viwili vya uani, sakafu ya saruji iliyopasuka, dari hakuna. Alikuwa anauza vitenge, mambo yakamnyookea. Mwaka wa pili akaweka marumaru. Wa tatu, dari ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu. Wa nne akachimba shimo la choo chake na kujenga kibaraza cha kupikia. Kaka alikuwa akipita anasema "hongera dada, pamependeza". Mwaka wa saba mtoto wa kaka akataka kuoa, kaka akahitaji vyumba. Dada akatoa mfuko wa rambo uliojaa risiti, akazimwaga kwenye mkeka: "Nilipeni changu nitoke." Nusu ya zile risiti wino ulikuwa umefutika, karatasi nyeupe tupu. Kaka akazishika juu kwenye mwanga, akazigeuza, akasema, "Hapa umenunua nini?"

Walipatana baada ya miezi minane, kwa kumwongezea mwaka mmoja wa kukaa na kiasi kidogo cha fedha. Hakuna aliyeridhika. Na wote wawili walikuwa na makosa: dada alijenga kwenye nyumba ambayo si yake, kaka aliona na akasifu.

Kwa hiyo:

a) Anayehifadhiwa akitaka kutengeneza chochote kinachobaki ukutani au ardhini, aombe kwa maandishi. Ujumbe wa simu unafaa kwa kuanzia, lakini uhamishie kwenye daftari.

b) Jibu la mwenye nyumba liwe moja kati ya matatu: "hapana"; "sawa, kwa gharama yako na hutadai"; au "sawa, na nitakurudishia kiasi fulani ukiondoka". Kukaa kimya ukitabasamu ni jibu la nne, nalo ndilo lenye kesi.

c) Risiti zipigwe picha siku ileile. Zile za mashine zinafutika.

d) Vitu vinavyong'oleka, kama tenki la maji, feni au mita ndogo, viorodheshwe kwamba ni vya fulani na ataondoka navyo.

Na wewe mwenye shilingi zako, fikiri mara mbili. Hela ya marumaru za nyumba ya kaka ni kodi ya miezi mingapi ya chumba chako mwenyewe?

Hatua ya 7: Masharti ya ndani

Machache tu. Nani atalala hapo (andika idadi ya watoto). Kupangisha chumba kwa mtu mwingine ni marufuku. Saa ya kufunga geti. Kuhusu mgeni wa kiume au wa kike, watu wanaona haya kuliandika, basi lisemwe kikaoni kwa heshima na mzazi au shangazi. Na mkubaliane kwamba akioa au kuolewa tena, ruhusa inaisha baada ya miezi fulani.

Hatua ya 8: Saini, mashahidi, nakala

Kila upande uweke saini au dole gumba, mashahidi waandike majina na namba za simu, kisha pelekeni ofisi ya serikali ya mtaa mwenyekiti aone na kugonga muhuri. Nakala tatu: mwenye nyumba, anayehifadhiwa, na mzee wa familia. Karatasi isizidi ukurasa mmoja. Mfano:

*Mimi ........., mmiliki wa nyumba iliyopo mtaa wa ........., nimempa dada yangu ......... na watoto wake wawili ruhusa ya kuishi vyumba viwili vya uani bila kulipa kodi, kuanzia ......... hadi 31 Desemba ......... Ruhusa hii si zawadi, si mauzo, wala si mgawo wa urithi. Atachangia umeme shilingi 15,000 kwa mwezi na nusu ya bili ya maji. Hatajenga wala kubadili kitu bila idhini yangu ya maandishi. Nikihitaji vyumba kabla ya muda, nitampa notisi ya miezi mitatu kwa maandishi. Nikifariki kabla ya muda kwisha, naomba warithi wangu wamwache amalize muda wake. Mke wangu ......... amesoma na kukubali.*

Kuna watakaosema kuandikishiana na ndugu ni kutoaminiana. Wazee waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakusema "isipokuwa kwa ndugu".

Hatua ya 9: Kumaliza

Miezi mitatu kabla ya tarehe, mwenye nyumba akumbushe kwa maandishi hata kama mnakula sahani moja. Siku ya kuondoka, zungukeni vyumba pamoja na zile picha za mwanzo, andikeni "amekabidhi, hakuna deni", sainini. Mkibaki na chai ya kunywa, kunyweni.

Makosa ninayoyaona kila mara

Anayehifadhiwa kuandikisha jina lake wapimaji wa urasimishaji wa makazi (wanaopima viwanja na kuandika wamiliki) wanapopita. Wanagonga mlango saa nne asubuhi, mwenye nyumba yuko kazini, aliyepo anataja jina lake, na mwaka unaofuata leseni ya makazi inatoka kwa jina la mgeni. Wakija, taja jina la mwenye nyumba na mpigie simu hapohapo. Wewe mwenye nyumba nawe, fuatilia majina yanapobandikwa ofisini.

Mwenye nyumba kupokea "kitu kidogo" kila mwezi bila kukiandika. Mwaka wa tatu mmoja anaita mchango, mwingine anaita kodi, na mpangaji na aliyehifadhiwa hawatolewi kwa njia moja.

Kumtegemea kaka kwa matumizi ya watoto wakati baba yao yupo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi atunze mtoto wake. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ikishindikana nenda mahakamani. Pesa hiyo ikipatikana hata LUKU inalipika bila kuombana.

Na kwa kijana aliyerudi kwa mama: kodi za wapangaji ni za mama. Mwandikieni kama mnavyomwandikia binti. Sijui kwa nini familia humwandikisha binti aliyeachika, kijana akaachwa ajifanye baba mwenye nyumba.

Mambo yakiharibika

*Muda umeisha, hataki kutoka.* Usiezue bati, using'oe mlango, usikate umeme. Ukifanya hivyo mwenye kesi unakuwa wewe, ya kuharibu mali au zaidi. Mpe notisi ya maandishi mbele ya mjumbe. Akikataa, peleka Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Likishindwa linakupa cheti cha kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 halijasuluhisha, unaweza kwenda wilayani bila cheti.

*Anasema amekaa zaidi ya miaka 12 kwa hiyo nyumba ni yake.* Miaka 12 ni muda wa kisheria wa kufungua madai ya kurudisha ardhi. Lakini mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba aliyekaribishwa hawezi kumnyang'anya mwenyeji wake, hata akae muda gani. Ndiyo maana neno "ruhusa" ni la thamani. Tahadhari: ukishamwondolea ruhusa na akakaidi, usilale. Hapo si mgeni tena, na muda unaweza kuanza kuhesabika dhidi yako.

*Wifi ananifukuza, kaka yuko safarini.* Aliyekupa ruhusa ndiye wa kuiondoa. Mwonyeshe karatasi kwa upole mbele ya mjumbe, na mpigie kaka. Lakini anza kutafuta chumba, maana karatasi haikupi amani ya jikoni. Kama kuna kipigo au vitisho, hilo si la kikao: nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

*Mzee amefariki, kaka zangu wanataka nitoke kesho.* Ukiwa mtoto wa marehemu nawe ni mrithi, na hakuna mrithi wa kumfukuza mwenzake kabla ya msimamizi wa mirathi kuteuliwa na mali kugawanywa. Nenda mahakama ya mwanzo uulize kama mirathi imefunguliwa. Wakati mwingine utakuta ilishafunguliwa na jina lako halimo. Weka pingamizi mapema.

*Mahakama imegawa mali za ndoa, sijaridhika.* Rufaa katika mashauri ya ndoa ni ndani ya siku 45. Omba nakala ya hukumu wiki hiyohiyo.

*Sina hela ya wakili.* Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Uliza ofisi ya kata au ustawi wa jamii. Nenda na daftari lako na karatasi zote kwenye bahasha moja, zimepangwa kwa tarehe, ya zamani juu.